Dakika Saba za Ubingwa

Tabriz, 20 Farvardin 1394

Kaka yangu Sattar,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na vumbi la huko mpakani limekuachia walau macho ya kuisomea. Mama hajambo, goti lake tu linamsumbua akipanda ngazi. Baba hajambo. Mimi sijambo kupita kiasi! Nimeolewa, Sattar! Mwaka mpya una siku ishirini, ndoa yangu kumi na tisa, na bado nikiamka nikamwona Tohid amelala pembeni yangu, mdomo wazi kama samaki, nacheka peke yangu mpaka anaamka na kuuliza, "Nini tena?" Namwambia, "Hakuna, lala mume wangu." Neno hilo "mume wangu" nalisema hata pasipo na haja. Juzi nilimwambia muuza mkate, "Nipe mikate miwili, mmoja wa mume wangu." Akanijibu, "Hongera, binti, lakini mikate yote ni sawa."

Kila siku tunaitwa nyumba moja kula mlo wa kwanza wa maharusi. Unajua kwetu bibi harusi hakanyagi nyumba ya ndugu mpaka aitwe, na akiitwa hatoki mpaka apasuke. Kwa shangazi nimekula kofte, donge la nyama kubwa kama kichwa cha mtoto. Tohid alikula mawili ili asifiwe, kisha usiku akalia tumbo kama ng'ombe. Nampenda hata akilia tumbo.

Siku ya harusi nilitazama mlango sana. Sitasema zaidi.

Sasa hili ndilo linaloninyima utulivu. Mechi za ligi zimebaki chache, na timu yetu ya Traktor iko juu! Mjini watu hawakai. Fundi viatu anapiga misumari pembeni ya kiatu, walimu wanawaachia watoto mapema. Na mimi kila nikisikia jina la timu nakumbuka ile jioni mezani, baba alipojua kwamba umeuacha mtihani wako wa marudio ukaifuata timu Kerman kwenye fainali ya kombe. Alisema, "Kombe umelileta, chuo umekipoteza. Hiyo timu haitachukua ligi hata siku moja." Nawe ukasimama na kijiko mkononi: "Siku Traktor akichukua ligi nitakuja kukubusu mkono na kukuomba radhi. Kabla ya hapo usinihesabu kuwa mwanao." Baba akasema, "Basi tuonane kiyama." Na wewe ukaenda jeshini.

Ni mwaka mmoja na zaidi, kaka. Hakuna anayekutaja mezani, lakini mimi na Tohid tukienda kula kwao, mama bado anaweka sahani ya tano, na hakuna anayeiondoa. Ukipata ruhusa, njoo. Usisubiri ligi. Ligi ni mpira, na mpira huviringika.

Dadako mwenye furaha na wasiwasi kwa pamoja,
Nigar


Kituo cha mpakani, Sistan, 8 Ordibehesht 1394

Dada Nigar, mke wa watu,

Barua yako imechukua siku kumi na sita kufika, na imefika na mchanga ndani. Nadhani posta huku huusafirisha mchanga kwanza, barua baadaye. Mimi ni mzima. Mbavu zangu ninaweza kuzihesabu bila kuvua shati. Mwambie mama kwamba tunakula vizuri. Ni uongo, lakini mwambie.

Mpe Tohid salamu. Akikutoa machozi, kwangu itakuwa safari ya siku mbili kwa basi ili kumvunja pua, na nitaifunga safari hiyo bila kulalamika.

Harusi sikuja kwa sababu ya kazi. Kituo hiki kina watu tisa na mpaka hauna likizo. Tuliache hilo.

Huku upepo umeanza mapema mwaka huu. Ule wa siku mia na ishirini. Antena ya televisheni imeanguka mara tatu, mara ya nne tukaiacha ilale. Redio inashika stesheni moja ya ng'ambo inayosoma bei za ngano. Simu ziko makao makuu, kilomita arobaini, na simu zetu za mkononi ni marufuku. Matokeo ya mechi tunayapata kwa dereva wa gari la maji, ambaye hapendi mpira na huchanganya timu. Wiki iliyopita aliniambia Traktor amefungwa na timu ya mpira wa wavu.

Mbaya zaidi, mwenzangu wa lindo ni Keyvan, mtu wa Isfahan. Shabiki wa Sepahan, nao wanatufuata kwa karibu! Tunakaa saa sita juu ya mnara mmoja, mimi naangalia kaskazini, yeye kusini, tunatukanana bila kutazamana.

"Nyie mmezoea kuwa wa pili," ananiambia. "Mara mbili mfululizo. Kwenu nafasi ya pili ni sikukuu ya taifa."

"Nyie mkichukua kombe nani anashangilia? Uwanja mtupu. Kipa wenu akipiga chafya mwangwi unamrudishia."

"Uwanja mtupu, kabati limejaa. Kwenu je?"

Hapo huanza kuhesabu mawe ya kaskazini, dada. Ndiyo maana sipati usingizi.

Kuhusu baba: nilichosema nilikisema mbele ya watu. Mwanamume hali matapishi yake. Traktor akichukua ligi nitambusu mkono na nitalia kama mtoto, wala sitaona haya. Asipochukua, sahani ya tano mwambie mama aiweke kabatini.

Kakako,
Sattar


Tabriz, 25 Ordibehesht 1394, nje ya uwanja

SATTAR! SATTAR! NI SISI!

Naandika juu ya boneti ya gari, usicheke mwandiko. Tumemaliza tatu kwa tatu na Naft, na kule Isfahan Sepahan wametoka sare! Sisi ni mabingwa! Mabingwa wa nchi nzima! Watu wanamwagika kutoka milangoni wakilia, mzee mmoja amemkumbatia trafiki, trafiki naye analia. Sisi wanawake, tusioruhusiwa kuingia, tuliokuwa tunangoja nje kwenye magari tumepiga vigelegele mpaka koo limekauka. Tohid bado yumo ndani, simu hazishiki kabisa.

Rasul wa kikosi chenu, yule mtoto wa jirani aliyekuwa likizo, anaondoka na basi sasa hivi kurudi huko. Amesimama hapa na begi lake ananihimiza: "Haraka dada Nigar, basi litaniacha!" Nampa barua hii. Atakufikia siku mbili tu.

Kaka, ulisema mwenyewe. Umesema mbele ya watu. Sasa mwandikie baba!

Nigar


Tabriz, 26 Ordibehesht 1394

Kaka Sattar,

Sijui nianze vipi. Nyumbani wote wazima.

Si kweli. Hatukuwa mabingwa.

Rasul alikuwa hajafika hata barabara kuu, nikaona watu waliokuwa wakiimba wameacha wimbo katikati, kila mmoja akimtazama mwenzake mdomoni. Sepahan hawakutoka sare. Walishinda mbili bila. Nani alileta lile neno uwanjani hakuna anayejua. Mmoja alimwambia wa mbele yake, wa mbele akamwambia wa mbele yake, na watu elfu themanini wakaamini, hata wachezaji wetu wakakimbia uwanjani kushangilia. Wanasema ilikuwa kama dakika saba. Dakika saba tulikuwa mabingwa, kisha tukawa wa pili tena, kwa pointi moja. Na tulikuwa tunaongoza tatu kwa moja, Sattar! Tukapewa kadi nyekundu, tukaanza kurudi nyuma, wakasawazisha.

Nililikimbilia basi kwa viatu vya visigino. Nimeanguka mbele ya stendi, goti limechubuka, sasa mimi na mama tunachechemea pamoja. Basi lilikuwa limeondoka. Simu ya Rasul iko nyumbani kwa mama yake, ndani ya kikombe juu ya friji, maana huko hairuhusiwi.

Tohid alirudi kwa miguu. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Nilimuuliza, "Umeona nini huko ndani?" Akasema, "Mpira." Nikamuuliza tena, akaenda kuoga. Ndiyo mara ya kwanza mume wangu kunificha jambo, na miezi miwili hatujamaliza! Nimelia, kisha nimempikia, kisha nimelia tena, chumvi ikazidi, akala yote akisema ni tamu. Nampenda hata akinificha, lakini nitalijua tu.

Nawe unanificha. Rasul aliniambia jambo kuhusu wiki ya harusi yangu. Silitaji hapa.

Ukiipata hii kabla hujamwandikia baba, usiandike. Kama umekwisha kuandika, Mungu atusaidie.

Nigar


Kituo cha mpakani, 29 Ordibehesht 1394

Dada yangu kipenzi, bingwa mwenzangu!

Rasul amefika jana na barua yako, na mimi nimeisoma kwa sauti juu ya mnara mpaka walinzi wa upande wa pili wa mpaka wameinua darubini. Keyvan akasema, "Hongereni. Mmeteseka vya kutosha." Nikamwambia maneno ya huruma hayatoshi, tulikuwa na dau. Sasa anaosha masufuria yote wiki mbili. Jana nilimpa sufuria la dengu lililoungua nikamwambia, "Sugua, mheshimiwa, kabati la Isfahan linahitaji mtu anayejua kung'arisha." Alisugua! Mpaka likang'aa!

Nimetumia posho yangu yote kununua biskuti na soda kwa kituo kizima. Nikacheza peke yangu kwenye upepo.

Halafu nikakaa nikamwandikia baba. Dada, nilidhani itakuwa kazi ngumu, lakini ilitoka yenyewe, kurasa tatu. Nimemwandikia habari za timu, kama ninavyozungumza. Jinsi alivyonibeba begani mara ya kwanza nikaona jezi nyekundu. Jinsi yeye alivyokuwa kijana kwenye kiwanda cha matrekta timu ilipozaliwa, na siku tuliposhuka daraja akakaa kwenye gari bila kuwasha injini. Jinsi tulivyorudi mwaka wa 1388 na uwanja ukajaa mpaka watu wakakaa juu ya nguzo za taa. Nimemwambia mtihani ule ningeweza kuufanya. Nilikuwa nimesoma. Niliukimbia kwa sababu niliogopa kushindwa mbele yake, na Kerman ilikuwa kisingizio. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe.

Barua yake nimeitia ndani ya bahasha hii. Mpe mkononi mwake. Usimpe mama ampe, usiiweke mezani. Mkononi mwake.

Gari la maji linaondoka. Mabingwa!

Sattar


Kituo cha mpakani, 14 Khordad 1394

Nigar,

Barua yako ya tarehe 26 imefika leo. Siku kumi na tisa.

Wazima nyumbani? Vizuri.

Keyvan alijua. Dereva wa gari la maji alikuwa amemwambia siku ya pili baada ya Rasul kufika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameyapata matokeo sawasawa. Keyvan alijua kwamba timu yake ndiyo bingwa na akaosha masufuria wiki mbili nzima. Leo nimemshika shati: "Kwa nini hukusema?" Akasema, "Ulikuwa umeanza kulala usingizi. Mnara mzima ulipumzika." Nimeshindwa kumpiga. Nimemwambia naosha mimi mwezi mzima, akaniambia, "Miwili, mjinga wewe."

Sasa sikiliza. Barua ya baba. Ichane. Kama hujampa, usimpe, ichane vipande vidogo uvitie kwenye jiko. Nilisema Traktor akichukua ligi. Hakuchukua. Mtu aliyeandika zile kurasa tatu alidhani ni bingwa. Mimi si mtu yule. Baba akiisoma atacheka. Atasema, "Hata kuomba radhi ameomba kwa makosa." Na atakuwa na haki.

Nijibu neno moja tu: umeichana.

Sattar


Tabriz, 24 Khordad 1394

Kaka yangu,

Sote wazima. Goti langu limepona, la mama bado. Kesho kutwa tunaanza kununua tende za Ramadhani, na Tohid ameapa atafunga siku zote ingawa mwaka jana, mama yake anasema, alikamatwa na tikiti maji bafuni.

Sijaichana.

Ilinifika tarehe 12, na tayari nilijua imeandikwa kwa kosa langu mimi. Niliiweka ndani ya kanzu yangu ya harusi, kabatini. Kila nilipofungua kabati niliisikia. Nilikuwa nakwenda kwa baba, nakunywa chai, narudi nayo. Siku moja niliitoa kabisa kwenye mkoba, baba akainua macho akauliza, "Una nini?" Nikasema, "Risiti ya sabuni." Kisha barua yako ya pili ikaja, upesi kuliko zote, ukisema niichane, nikakaa mbele ya jiko na kiberiti. Tohid akanikuta pale.

"Unachoma nini?"

Nikamwambia yote. Akavuta kiti akakaa, akasugua shingo, akasema, "Nigar, niliapishwa. Lakini ukiichoma hiyo, kiapo kitanisonga."

Kaka, baba alikuwa uwanjani siku ile. Baba yetu! Asubuhi alikwenda dukani kwa Tohid akamwambia, "Nasikia una tiketi ya ziada. Nigar asijue, mama yake asijue." Akavaa kofia mpaka machoni. Tohid anasema mechi nzima alikuwa anavunja mbegu za alizeti kwa meno bila kuzila. Lilipokuja lile neno la ubingwa, baba alisimama juu ya kiti. Mzee wa miaka sitini na miwili! Akamshika Tohid mashavu, akapiga kelele masikioni mwake: "Mpigie Sattar! Mpigie aje nyumbani!" Tohid akasema, "Baba, simu hazishiki." Baba akasema, "Basi nakwenda mwenyewe. Basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi? Wewe unajua njia?" Akaanza kuteremka ngazi, Sattar, akisukuma watu, anakwenda Sistan na kofia na mbegu mfukoni.

Alifika chini ndipo wakamwambia. Akaketi kwenye ngazi ya mwisho. Watu walikuwa wanampita kulia na kushoto. Baada ya muda akamwambia Tohid, "Hukusikia kitu." Tohid akasema, "Sikusikia, baba."

Basi hukutaka nimpe, nami nimempa. Nikasirikie mpaka ukome, nimezoea. Hukuja harusini kwangu ingawa ruhusa ulipewa, ukamwachia Keyvan aende kwao. Rasul aliniambia. Uliogopa kuingia mlangoni na baba yumo. Nimekusamehe siku ile ile, kwa sababu nina furaha nyingi na sijui niipeleke wapi. Lakini usiniambie mimi habari za mwanamume na matapishi yake.

Nilimpa mkononi, kama ulivyosema mwanzo. Nikamwambia kweli: "Aliiandika akidhani ni mabingwa. Ameniamuru niichane." Baba akavaa miwani akasema, "Toka nje." Nikakaa na mama jikoni, tukachambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Saa nzima. Kisha akaniita, akanipa kurasa zako, akasema, "Mrudishie. Ina makosa."

Nimekata tamaa pale pale. Nikaifungua njiani, kwenye kona ya duka la mkate, nikasimama nikaisoma. Unaiona mwenyewe, nimeiweka ndani. Ameisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu! Umeandika timu ilizaliwa mwaka 1348, amekata akaandika: "1349. Mimi nilikuwepo, nilibeba magoli ya mbao." Umeandika tulishuka daraja "miaka michache", ameandika: "Michache kwa nani?" Umeandika tumekuwa wa pili mara mbili, amekata, ameandika: "Tatu." Pale ulipoandika kuhusu mtihani na hofu yako hakuna wino, ila karatasi imejikunja kama iliyolowa ikakauka. Na sentensi yako ya kwanza, "Baba, leo sisi ni mabingwa," hakuigusa. Nimeitazama mara kumi. Mtu asiyevumilia mwaka mmoja uliokosewa, hiyo ameiacha.

Mwisho wa ukurasa wa tatu ameandika: "Makosa yaliyobaki siyawezi kwa kalamu. Njoo."

Nigar


Kituo cha mpakani, 8 Tir 1394

Nigar,

Salamu kwa wote, kwa majina yao na kwa vyeo vyao.

Nimeomba ruhusa nikapewa. Barua hii naituma kwa askari anayekuja huko kesho, posta isije ikautanguliza mchanga. Siku kumi, kuanzia tarehe 15. Keyvan anachukua malindo yangu yote na hataki nimlipe chochote, mbaya huyu.

Basi linaingia Tabriz tarehe 17, kabla ya futari. Asije mama na goti lake. Usije wewe na vigelegele vyako, wala Tohid. Mwambie baba anisubiri stendi peke yake, na asivae ile kofia, nimwone kwa mbali.

Sattar